Kilo 21 kwa miezi minane: kisa cha kijana wa Pemba na vidonge vya olanzapini

Mgonjwa wa kisa hiki ameundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za afya ya akili. Hakuna mtu mmoja wa kumtafuta nyuma yake. Dozi na vipimo vinalingana na utaratibu wa tiba, lakini kubadili dawa ni kazi ya mtoa tiba anayemjua mgonjwa wake, si ya kufanywa nyumbani.

Ni kijana wa kiume wa miaka 26, mkaazi wa kijiji kimoja cha wilaya ya Wete. Msimu wa karafuu huchuma, nje ya msimu huenda dago, kambi ya uvuvi, na ami yake. Aliugua kwa mara ya kwanza kwa kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo, kisha akasikia sauti zikimsema, mchana akajifungia na usiku akawa anazunguka. Familia ilianza na kisomo na kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Kurani), na wiki ya tatu ikampeleka hospitali. Alianzishiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, miligramu 5 mara mbili kwa siku. Siku chache baadaye shingo ikampinda na macho yakagota juu, akapewa sindano ya kulegeza misuli, na kuanzia hapo benzheksoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, miligramu 5 mara mbili. Kutetema na kutotulia miguu kulibaki, ndipo dawa ikabadilishwa: olanzapini miligramu 10 usiku, kisha 15. Ndani ya wiki sita sauti zilinyamaza, akarudi kula na wenzake na kusali msikitini.

Kwenye kadi yake sehemu ya uzito haikujazwa. Uzito wa kabla ya dawa unajulikana kwa bahati tu: miezi minne kabla ya kuugua alichangia damu, akapimwa, na hizo kilo 58 alizikumbuka mwenyewe. Kwa urefu wa sentimita 170 alikuwa mwembamba wa kawaida, mwenye BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 20. Mwezi wa nane wa olanzapini mizani ilisoma kilo 79. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 36, na BMI imefika 27.

Hakuna aliyeficha kitu. Kila mtu aliona na kufurahi. Ami yake alimwambia muuguzi, “Si unamuona mwenyewe alivyonawiri, mashaallah?” na muuguzi akakubali, kwa sababu mgonjwa aliyekonda akapata mwili ni dalili nzuri kwa macho ya mtu yeyote. Ugumu wa kisa chote upo hapo. Wiki za mwanzo kuna kilo ambazo mgonjwa anazirudisha baada ya kuzipoteza kwa kutokula, na kuna kilo zinazoletwa na kidonge, na kwa jicho zote ni sawa. Mizani ndiyo inayozitenga: kilo za kurudi husimama kwenye uzito wa zamani, za dawa hupita hapo bila kusita.

Kwa olanzapini kasi kubwa ya kunenepa ni katika wiki 6 hadi 12 za kwanza. Aliyeongezeka asilimia 5 katika mwezi wa kwanza ana uwezekano mkubwa wa kuendelea kupanda, na kuanzia asilimia 7 ongezeko huhesabiwa kuwa la maana kitabibu. Kwa mtu wa kilo 58 asilimia 5 ni kilo 3 kasoro kidogo. Kilo 3 hazionekani chini ya kanzu. Kwa hiyo uzito hupimwa siku ya kuanza dawa, wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu, kwa mizani ileile, bila viatu, mifuko ikiwa mitupu. Mizani ya kliniki ikitiliwa shaka, dumu lenye lita 20 kamili za maji, ukitoa uzito wa dumu lenyewe, ni kilo 20.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Msimu ulipoingia alishindwa kupanda mkarafuu, akakaa chini na kina mama na watoto kuchambua makonyo (vikonyo vya karafuu), na wenzake wakampa jina. Mwezi wa sita akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Siku ya kumi na mbili usingizi ukapotea, wiki ya tatu sauti zikarudi. Mama yake alizikuta karatasi za vidonge zimejaa chini ya godoro, akaanza kumpa dawa kwa mkono wake mwenyewe, na mgonjwa akatulia tena. Kwenye kadi iliandikwa “hafuati dawa”. Ni kweli hakufuata, lakini sababu haikuandikwa, na sababu ilikuwa kilo.

Jinsi dawa inavyofanya kazi hiyo

Olanzapini huziba vipokezi vya dopamini, na huko ndiko sauti zinakonyamazishwa. Lakini huziba pia vipokezi vya histamini aina ya H1 na vya serotonini aina ya 5-HT2C, vinavyoshiriki kuuambia ubongo kwamba tumbo limetosha. Vikizibwa, mtu hula, akamaliza, na njaa ikabaki palepale. Huu si ulafi wala kukosa haya, na mgonjwa anayefokewa mezani huishia kula kwa siri usiku. Zaidi ya njaa, dawa huweza kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini na kuisumbua kongosho katika kuitoa, ndiyo maana sukari na mafuta ya damu yanaweza kupanda hata kwa mtu ambaye hakunenepa sana. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji wa kundi hili la dawa waweke onyo la kisukari kwenye maelezo yake.

Dawa hazilingani. Klozapini na olanzapini ndizo zinazonenepesha zaidi. Kwetiapini, risperidoni na klopromazini zipo katikati. Haloperidoli na aripiprazoli zina athari ndogo zaidi upande huu, ingawa haloperidoli hulipiza kwenye misuli, kama kijana huyu alivyojionea.

Vitu vinne vilivyokuwa vikisukuma pamoja na kidonge

Kuisingizia olanzapini peke yake kungekuwa kukata shauri mapema mno. Mwezi wa nane, alipoketishwa na mama yake na kuulizwa siku nzima ya jana kuanzia alfajiri, yalitoka mengine.

La kwanza lilikuwa benzheksoli. Aliandikiwa kwa ajili ya haloperidoli, haloperidoli ikaondolewa, benzheksoli ikabaki kunakiliwa kila mwezi. Kwa olanzapini wengi hawaihitaji. Inakausha mdomo, olanzapini nayo inakausha, na mdomo mkavu unataka kinywaji. Kinywaji chake kilikuwa soda mbili kwa siku, na chai vikombe vinne vyenye sukari vijiko vinne vya chai kila kimoja. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari. Vijiko 16 vya chai ni karibu gramu 67. Jumla inakaribia gramu 140 kwa siku, yaani kilokalori 560 hivi za kunywa tu, ambazo kwa mtu aliyekuwa hazinywi kabla zinatosha kuongeza karibu kilo mbili kwa mwezi mwanzoni. Soda moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya kumezea kidonge: mama aliona ndiyo njia ya kumfanya akubali dawa.

La pili, sigara. Alikuwa akimaliza karibu pakiti kwa siku, akaacha mwezi wa tatu. Kuacha ni kheri, ila moshi wa sigara huliharakisha ini katika kuivunja olanzapini. Moshi ukiondoka, dozi ileile huacha dawa nyingi zaidi mwilini ndani ya siku chache. Miligramu 15 zilizomfaa mvutaji zikawa nyingi kwa aliyeacha, akawa anaamka saa tano mchana. Kila mgonjwa wa olanzapini au klozapini aulizwe kuhusu sigara kila anapokuja, na akiacha, kupunguza dozi kwa robo hadi theluthi kufikiriwe. Nikotini haihusiki hapa, ni moshi.

La tatu lilikuwa kula usiku. Saa nane alikuwa akiamka na kumaliza kiporo cha wali jikoni.

La nne ni sinia, na hili linahitaji kuelezwa zaidi kuliko mengine kwa sababu ushauri wa kawaida wa lishe hauligusi. Karatasi za hospitali husema “punguza kiasi kwenye sahani yako”. Nyumba hii haina sahani yake. Wanaume wanne wanakula sinia moja ya wali wa nazi, kitoweo katikati, na hakuna hata mmoja anayejua kala kiasi gani. Mwenye njaa isiyoshiba hula mpaka sinia iishe, na wengine, kwa huruma, humsogezea. Ushauri wa mwanzo ulikuwa atengewe sahani. Ulidumu siku mbili. Kumtenga kwenye sinia mtu aliyetoka kuugua akili kunasema jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema, na alikula sahani yake kisha akaketi kwenye sinia pia. Kilichofanya kazi ni kugeuza mpangilio wa chakula badala ya mlaji: mchicha au kisamvu na samaki huliwa kwanza, wali unapakuliwa mara moja na sufuria inabaki jikoni, hakuna kuongeza kwa mtu yeyote, na anayeinuka wa kwanza wanainuka naye wote. Kiporo kinagawiwa jirani kabla ya kulala au hakipikwi. Mama aliuliza jambo la maana: “Sasa wageni wakija, mwanangu?” Wageni wakija apike kama desturi, siku moja haiharibu mwezi.

Vipimo, na chai iliyokaribia kumpa kisukari

Kiuno kilikuwa sentimita 98. Hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, utepe ukiwa umelala sawa mwilini. Kwa mwanamme wa kwetu sentimita 94 ndiyo alama ya hatari, kwa mwanamke 80. Presha 136/88. Mafuta aina ya triglisaridi 3.1 na kolesteroli nzuri 0.8, zote kwa milimoli kwa lita.

Sukari ya asubuhi ilisoma 9.8. Kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala ni kiwango cha kisukari, na mkono ulishakwenda kwenye kalamu. Aliulizwa tena kama amekula. Hajala; amekunywa chai tu, kikombe kimoja, ya safari. Hili hutokea mno, kwa sababu kwa watu wengi kula ni wali au boflo (mkate), chai haimo. Maelekezo yawe wazi: tangu chakula cha usiku hakuna chai, maziwa, uji, juisi wala peremende, maji matupu tu, kwa muda usiopungua saa nane. Achukuliwe damu kabla ya foleni nyingine yoyote, na boflo lake awe nalo mfukoni ale baadaye, hasa anayetoka mbali kwa gari. Siku iliyofuata, bila chai, ilisoma 6.4: imepanda, lakini bado si kisukari. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hakihitaji kufunga, ila hudanganya kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni, kwa hiyo lisiaminiwe jibu lake kabla ya kuuliza hayo.

Mpango: jambo moja kwa wakati

Kishawishi kilikuwa kuiondoa olanzapini siku hiyohiyo. Haikuondolewa. Alikuwa na wiki chache tu tangu sauti ziliporudi, na dawa iliyomtuliza ndiyo hii. Kuikata ghafla huleta kukosa usingizi, kichefuchefu na jasho hata kabla ugonjwa haujarudi.

Ikaanza benzheksoli: miligramu 5 asubuhi tu kwa wiki mbili, nusu kidonge wiki mbili, kisha basi. Kila alipokuja mkono wake ulikunjwa na kukunjuliwa kwenye kiwiko kutafuta ukakamavu, na akatembezwa ukumbini kuona kama mikono inapunga. Haukuonekana ukakamavu. Kidonge kikawa kinamezwa na maji. Soda ikahamishiwa Ijumaa peke yake, na chai ikashuka kijiko kimoja kila wiki mpaka kufika kimoja. Kuikata sukari yote kwa siku moja hakudumu katika nyumba yoyote inayokunywa chai ya maziwa.

Metfomini, dawa ya kisukari inayosaidia pia kupunguza uzito, ikaanzishwa wiki hiyo, baada ya kipimo cha figo kuwa salama. Miligramu 500 katikati ya chakula cha usiku kwa wiki moja, 500 asubuhi na usiku wiki ya pili, kisha kuongezwa 500 kila wiki hadi 1,000 mara mbili. Ikipandishwa haraka mgonjwa huharisha, huitupa, na hurudi kusema dawa haimpendi. Akiharisha, rudi kwenye dozi ya nyuma kwa wiki moja zaidi. Ikiwa anatapika au amepungukiwa na maji kwa homa au kipindupindu, isimamishwe mpaka anywe na kula tena. Peke yake haishushi sukari chini ya kiwango, na mama alihakikishiwa hilo kwa sababu alikuwa na hofu ya mwanawe kuanguka. Matarajio yawe ya kweli: kwa wastani huondoa karibu kilo 3, na inafaa zaidi ikianza mapema, uzito ukiwa bado unapanda.

Mazoezi ya asubuhi hayakujaribiwa hata mara moja, kwani mtu mwenye olanzapini kichwani alfajiri haamki kwa ajili ya kutembea. Aliwekewa dakika 40 kati ya alasiri na magharibi. Kidonge kikasogezwa kutoka saa nne usiku hadi baada ya isha, ili kilele cha usingizi kipite kabla ya asubuhi. Hilo lilimwamsha mapema zaidi, njaa halikuigusa. Mwezi wa tisa olanzapini ikashushwa hadi 12.5, wa kumi hadi 10, sauti zikiwa kimya. Kupanda mkarafuu kulizuiliwa kipindi chote hicho, kwa sababu dawa hii huweza kushusha presha mtu anaposimama na kumpa usingizi, na mti hausamehi.

Ramadhani iliangukia katikati. Metfomini ikawa wakati wa futari na daku kwa dozi ileile, olanzapini baada ya tarawehe. Tatizo la mwezi huo halikuwa kufunga; lilikuwa kaimati, tambi na sharbati, na usingizi unaokatwa na daku. Alipewa maji kwanza, futari ya muhogo na samaki, na vitamu kuwa vya kuonja. Aliongezeka nusu kilo, jambo ambalo lilichukuliwa kuwa ushindi.

Kubadili dawa

Baada ya kufika mwezi wa kumi na moja akiwa kilo 75.5 na ametulia zaidi ya miezi minne, mazungumzo ya kubadili yalifunguliwa. Aripiprazoli ingekuwa bora kwa uzito. Kilichoikwamisha ni kwamba ilibidi inunuliwe na kuvushwa kutoka Unguja kila mwezi, na kwa mgonjwa aliyewahi kurudiwa na sauti ndani ya wiki tatu, dawa inayoweza kukatika kwa sababu ya boti au fedha ni ya hatari kuliko inayonenepesha. Haloperidoli ilishajulikana ilichomfanya. Ikachaguliwa risperidoni, si kwa kuwa haina athari, bali kwa kuwa inanenepesha kwa kiasi na ilikuwapo kwenye dirisha la dawa kila mwezi.

Wiki ya 1 na 2: risperidoni miligramu 1 usiku, olanzapini 10. Wiki ya 3 na 4: risperidoni 2, olanzapini 5. Wiki ya 5 na 6: risperidoni 3, olanzapini 2.5. Kisha olanzapini basi. Tarehe ya kidonge cha mwisho iliandikwa kwenye kadi kwa wino mwekundu, kwa sababu mabadiliko ya namna hii hukwama katikati mara nyingi kuliko yanavyomalizika: mgonjwa anajisikia vizuri kwenye mchanganyiko, zamu ya kliniki inabadilika, na mwaka unapita akinywa zote mbili.

Wiki ya 5 akawa anapata usingizi wa saa nne tu kwa usiku. Familia ilidhani ugonjwa umerudi. Kukosa usingizi bila sauti, bila shaka juu ya watu, na akiwa anaongea vizuri, kwa kawaida ni kuondokewa na usingizi uliokuwa ukiletwa na olanzapini; hatua ile ya 2.5 ilirefushwa kwa wiki mbili na usingizi ukarudi. Tangu hapo anaulizwa mambo asiyoyasema mwenyewe: kutotulia miguu, matiti kuuma au kuvimba, na nguvu za kiume, kwani risperidoni hupandisha homoni ya prolaktini. Aulizwe faraghani, mama akiwa nje.

Mwezi wa kumi na sita ana kilo 71, kiuno 90, presha 124/80, sukari ya kufunga 5.4, triglisaridi 1.8. Bado ni kilo 13 juu ya alikotoka, na pengine hazitatoka zote.

Metfomini inaendelea, na kwa kuwa matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12, ganzi ya miguu na upungufu wa damu vinatazamwa. Nyumbani kumebandikwa karatasi yenye dalili za kuwahi hospitali siku hiyohiyo: kiu isiyokatika, kukojoa mno, kutapika na tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na haraka, kusinzia kusiko kwa kawaida. Kwa mtu anayetumia dawa hizi za ugonjwa wa akili mkusanyiko huo unaweza kuwa sukari iliyopanda kupita kiasi, na inaweza kutokea hata kwa asiyekuwa mnene. Tone la damu kidoleni huchukua chini ya dakika moja na hutangulia maswali yote ya kichwa na ya pepo. Uzito unapimwa tena mwezi wa kumi na tisa, sukari na mafuta mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi akiongezeka kilo 3.